Mwalimu na Majamvi ya Karafuu

Miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia nilikuwa na dawa ya kila msiba. Dawa yenyewe ilikuwa maneno. Nilikuwa nayo katika daftari lenye jalada jeusi, nimeyapanga kwa vichwa: wenye homa, wajane, wasiozaa, waliofiwa na wazee, waliofiwa na watoto. Nikiitwa kwa mgonjwa, nilisimama kwanza nyuma ya nyumba, nikafungua ukurasa unaohusika, nikapitia mistari yangu miwili mitatu ya Kitabu, ndipo nikaenda mlango wa mbele kupiga hodi. Ndani niliingia kwa uso wa mtu aliyejaliwa kukumbuka yote. Wagonjwa walishukuru. Sikumbuki hata mmoja aliyepona kwa ajili yangu, wala sikumbuki kwamba jambo hilo liliwahi kunisumbua.

Tulikuwa Wakristo wachache, nyumba kama kumi hivi na kanisa dogo la bati, katikati ya mikarafuu, nje kidogo ya Chake Chake. Wazee wetu walikuwa watumwa wa mashamba hayohayo. Walipoachiwa huru misheni iliwapa vipande vya ardhi, wakajenga, wakabatizwa, wakatuzaa sisi. Majirani zetu wote wengine walikuwa Waislamu. Tuliazimana chumvi na majembe, tukazikana, na wao walituona watu wema tuliokosea njia kidogo tu, ambao siku moja tutaikumbuka. Mimi waliniita Mwalimu, kwa sababu siku za wiki nilifundisha watoto kusoma, na Jumapili padri akiwa safarini nilisimama mimi mbele. Padri alikuwa safarini mara nyingi, na sikusikitika.

Nilikuwa na mahubiri niliyoyapenda kuliko yote. Yalisema kwamba Mungu hakai karibu na mtu yeyote kama anavyokaa karibu na mtu anayeteseka. Niliyatoa mara tatu kwa mwaka. Nilijua mahali pa kushusha sauti, na mahali pa kunyamaza kidogo na kutazama dirishani kana kwamba nimeona kitu. Mateso yangu mimi mwenyewe, mpaka siku hizo, yalikuwa jino.

Mwaka huo, masika yakielekea ukingoni, mtoto wetu alishikwa na homa. Alikuwa binti, wa pekee, mwenye mwaka mmoja na miezi minane. Siku ya kwanza alikataa uji. Siku ya pili tulimpeleka hospitali ya mjini, mke wangu kambeba mtoto, mimi nimebeba mwavuli na daftari. Siku ya tatu asubuhi, jua limeshapanda, alikufa mikononi mwa mama yake.

Padri alikuwa Unguja. Kwa hiyo nilimzika mwanangu mwenyewe, na juu ya kaburi lake nikahubiri. Nilitoa mahubiri yaleyale. Nilishusha sauti palepale, nikanyamaza palepale, na kwa kuwa hapakuwa na dirisha nikatazama mnazi. Watu walilia sana. Tulipokuwa tunarudi, mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono, akaniambia hajapata kunisikia nikihubiri vizuri kama siku ile. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Ilikuwa furaha ya hatua nne tano tu, lakini ilikuwa furaha, na udongo wa kaburi ulikuwa bado unanuka.

Mke wangu hakulia makaburini. Alisimama akinitazama mdomo.

Nikaanza kumtibu. Kila asubuhi, kabla sijaenda darasani, nilimsomea mistari miwili kutoka ukurasa wa waliofiwa na watoto, na jioni mmoja wa kulalia. Alinisikiliza huku akisugua sufuria. Jirani yetu, bibi mmoja mjane wa Kiislamu ambaye shamba lake lilipakana na letu, alikuwa akija mchana, akikaa naye ukumbini, wakichambua mchele bila kusema kitu. Nilimwona yule bibi ni mtu mzuri lakini mvivu wa maneno. Nilimhurumia mke wangu kwa kupata mfariji wa namna hiyo, nikazidisha mistari.

Wiki ya tatu, nikiwa katikati ya mstari, mke wangu aliweka sufuria chini.

“Wasema Mungu yu karibu na wenye msiba.”

“Yu karibu, mke wangu.”

“Umemhisi?”

Nikamweleza kwamba imani si jambo la kuhisi, kwamba imeandikwa hivi na vile.

“Kilichoandikwa nakijua, wanisomea asubuhi na jioni. Nakuuliza weye. Tangu mtoto afe, umemhisi karibu nawe, hata mara moja?”

Nikamwambia nitalitazama suala hilo, kama karani wa bomani.

“Basi karafuu zikisha nakwenda kwa mama, Mgogoni,” alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. “Msiba wangu nauweza. Nisiloweza ni kukaa na mtu anisomeaye.”

Sikumuuliza atakaa Mgogoni muda gani. Niliogopa kwamba atanijibu. Nilikwenda darasani nikafundisha watoto herufi nisizoziona, na huko ndiko nilikokata shauri: kabla ya karafuu kwisha, nitamhisi Mungu. Nitamhisi hasa, bila mashaka, kisha nitarudi nyumbani nikamwambie mke wangu, naye atabaki. Miezi mitatu au minne ilitosha, nilidhani. Mtu mvumilivu hupata ng'ombe kwa muda mfupi kuliko huo.

Nilianza na kufunga. Kwa kuwa Jumatano nilikuwa na madarasa mengi na Ijumaa ilikuwa siku ya samaki wazuri, nilichagua Jumatatu na Alhamisi. Sikumwambia mtu. Lakini bibi jirani alikuwa na macho. Alhamisi ya pili alimletea mke wangu bakuli la tambi saa ya magharibi, akamnong'oneza kwamba hizi ni za Mwalimu za kufuturia, maana kaiona sunna ya kufunga siku hizo mwenyewe bila kuambiwa, na moyo wa mtu haulazimishwi. Habari zilienda haraka. Mzee wa msikiti wa jirani, ambaye zamani alinisalimia kwa kichwa tu, sasa alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akiniuliza afya yangu kwa upole mkubwa. Niliona haya kumkatisha tamaa. Tambi nilikula. Nilichohisi Jumatatu na Alhamisi zote hizo kilikuwa njaa.

Nikajaribu magoti. Adhuhuri, watoto wakishaondoka, nilijifungia kanisani nikapiga magoti kwenye saruji. Bati lilikuwa linachoma. Nilisema, “Bwana, niko hapa,” nikangoja. Nilihisi magoti. Siku ya tatu nilihisi siafu. Siku ya tano nilisinzia nikagonga paji la uso kwenye benchi, na mke wangu aliponiuliza nimefanya nini nikamwambia mlango.

Na katika yote hayo sikuwa nimemlilia mwanangu. Nawaambia ukweli, sikuwa hata nimejua kwamba sijamlilia. Nilikuwa na shughuli.

Karafuu zikaiva. Kwetu huo ndio wakati ambao hakuna mwalimu wala mzee wala mgeni, kila mwenye mikono yuko shambani. Wanaume hupanda juu, wanawake huchuma matawi ya chini na kuchambua vikonyo, na zikishachambuliwa huanikwa juani kwenye majamvi mpaka zikauke. Mimi, na hili nalo si siri Chake Chake nzima, huogopa kuwa juu. Nikifika tawi la tatu miguu hunitetemeka mpaka mti mzima unaonekana umepata homa. Mwaka huo nilipanda siku ya kwanza, nikashuka siku hiyohiyo kwa msaada wa watu wawili, na mke wangu akaamua jambo ambalo kila mwaka huamuliwa: Mwalimu atakaa kwenye majamvi.

Kazi ya majamvi hupewa vikongwe na watu waliovunjika miguu. Unazigeuzageuza karafuu, unafukuza kuku, na zaidi ya yote unaangalia mvua. Karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka huvunda, hupauka, na mnunuzi mjini akiigusa tu kwa kidole hukurudishia. Mvua za vuli hazibishi hodi. Kwa hiyo mlinzi akiona wingu hupiga kelele, wachumaji wote hushuka mbio, na majamvi hukunjwa na kuingizwa ndani. Hiyo ndiyo kazi yote. Mtu anatakiwa awe na macho mawili na sauti moja.

Mwaka huo uwanja wetu ulikuwa na karafuu zetu na za bibi jirani pamoja, kwa sababu uwanja wake ulikuwa na kivuli. Fungu la mwisho la mavuno lilikuwa limetandazwa siku ya nne, limeanza kuwa jekundu linaloelekea weusi, na limebakiwa na siku moja au mbili za jua. Baada ya hapo karafuu zilikuwa zimekwisha, maana mitini wachumaji walikuwa wanaokota masazo tu. Mke wangu alikuwa ameshapeleka salamu Mgogoni.

Nilikaa kwenye kigoda changu, nikayatazama majamvi, nikahesabu siku mbili zilizobaki. Sikuwa nimehisi kitu. Alasiri ile nikaamua nitajaribu mara ya mwisho, palepale, kwa nguvu zangu zote. Nilitazama mbinguni kwanza, nakiri hilo kwa kujitetea. Mbele yangu kulikuwa kweupe. Nyuma yangu sikutazama. Nikafumba macho, nikainua mikono, nikasema, “Bwana, kama upo karibu na wenye kuteseka, nami nateseka, basi nijulishe.”

Mwanzo palikuwa na nzi. Halafu nzi wakaondoka. Halafu ndege wakanyamaza, wote pamoja, shamba zima likatulia ghafla. Nywele za mikononi zikanisimama. Nikasema moyoni, viumbe vyake vimenyamaza. Kisha ubaridi ukanigusa shingoni, ubaridi mzuri, laini, usio wa alasiri ile ya joto, ukashuka mgongoni taratibu. Machozi yakaanza kunilenga. Nikasikia kwa mbali ngurumo, nzito na ya upole, kama mtu mkubwa anayesafisha koo kabla ya kusema. Nikasema, “Ndiyo, Bwana. Ndiyo.” Na hapo tone moja, kubwa, baridi, likaniangukia katikati ya paji la uso, nami nikajua kwamba nimepakwa mafuta.

Sauti ya mwanamke ilisikika kutoka mitini, “Mwalimuu! Weye Mwalimuu!” Nikainua mikono juu zaidi.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimeloa mpaka kiunoni. Mvua ilikuwa inapiga majamvi na karafuu zinaruka. Bibi jirani alikuwa anakuja mbio, khanga imemvuka kichwani, nyuma yake mke wangu na pakacha kichwani, na nyuma yao wachumaji. Nilirukia jamvi la kwanza, nikalikunja vibaya, maji yakatiririka na karafuu nusu yake. Nilirukia la pili nikateleza nikaanguka juu ya la tatu. Wachumaji wakanikamata na kuniweka pembeni, wakakunja wenyewe.

Bibi jirani alisimama mbele yangu, maji yanamtiririka kidevuni.

“Wafanya nini na mikono hewani?”

“Nilikuwa nasali, Bibi.”

“Macho umeyafumba na mvua yaja? Wamuomba nani, Mwalimu? Maana Mungu niliyemjua miye ndiye alokuletea mvua, ili uione!”

Alibeba jamvi lake akaenda nalo kwake akinguruma, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukasirika bure, alikuwa na sababu. Zake tatu kwa kumi zilivunda, na ujira wa wachumaji ulikuwa ndani ya hizo. Mfungo wangu wa Jumatatu na Alhamisi hakuutaja tena mtu yeyote mtaani.

Tukabaki wawili ndani, mimi na mke wangu, na karafuu zilizoloa zikiwa lundo juu ya sakafu. Ilibidi zitandazwe upesi kwenye kitu kikavu, la sivyo zingechemka zenyewe kwa joto lake. Tulitandaza kwenye khanga, kwenye magunia, kwenye shuka la kitanda. Bado lundo lilibaki. Nikasimama natazama huku na huku. Mke wangu alikwenda nyuma ya mlango wa chumba, akatoa kijamvi kidogo kilichokunjwa, cha mtoto, ambacho hakuna aliyekigusa tangu siku ile. Akakitandaza sakafuni. Kilikuwa hakizidi urefu wa mkono wangu. Akachota karafuu kwa viganja akazimwaga juu yake, akazisambaza taratibu mpaka pembeni. Mimi nilisimama pale nikidondosha maji.

“Haya nambie,” alisema bila kuinua kichwa. “Ulikuwa wafanya nini?”

Nikakamua pindo la shati langu.

“Nilidhani amekuja.”

“Nani?”

“Mungu. Nilihisi ubaridi.”

Akaniinulia uso. Alinitazama, nguo zimenigandama mwilini, karafuu moja imenata shavuni. Kisha akacheka. Alicheka kicheko nilichokuwa nimekisahau, cha tumboni, akaanguka kitako kando ya kile kijamvi, akajishika mbavu, akisema, “Ubaridi! Ati ubaridi!” Na mimi nikacheka, maana hakuna mwenye haki zaidi ya kumcheka mjinga kuliko mjinga mwenyewe. Halafu sikujua ni wakati gani kicheko chake kiligeuka. Alikuwa analia, kifudifudi, uso kwenye karafuu.

Nilipiga magoti karibu naye, nikatafuta mstari kwa desturi, na meno yangu yalikuwa yanagongana kwa baridi hata nisiweze kuutamka. Nikamshika mgongo. Ndipo kikanijia kilio changu mimi, kilichochelewa miezi yote ile, kilio kibaya cha kamasi na sauti ya mbuzi. Nililia kama mtu anayetapika. Niliona uchungu, uchungu mtupu, na nilikuwa nimeukimbia kwa mbio zangu zote.

Tulipotulia mvua ilikuwa bado inanyesha, na yeye alikuwa amelala kichwa kwenye paja langu, karafuu zimemng'ang'ania shavuni.

“Wajua ni siku ngapi hujamtaja jina?” aliniuliza. “Wasema marehemu. Wasema malaika, sijui ua la Bwana. Jina lake hujalitaja tangu makaburini. Na makaburini hukulitaja.”

Nilitafuta katika kumbukumbu. Ilikuwa kweli. Mahubiri yale yalitungwa kabla hajazaliwa, na hayakuwa na mahali pa jina lake.

“Mtaje,” alisema.

Nikamtaja. Silitaji hapa, ni letu wawili. Lilinitoka kwa taabu, kisha likatoka tena, na la tatu likatoka lenyewe. Mke wangu akaniambia mtoto alikuwa akimziba mdomo kwa kiganja kila alipoanza kuimba. Sikuwa najua hilo. Nikamwambia alivyokuwa akinikimbilia darasani na kuketi mstari wa mbele na watoto wakubwa, akiwakemea. Hilo naye hakulijua. Tulikaa hivyo mpaka mvua ikakatika na bati juu yetu likanyamaza, tukipeana mtoto wetu kipande kipande.

Naandika sasa nikiwa mzee, na watu wameshaniuliza mara nyingi kama nilimpata niliyekuwa namtafuta. Siku ile sikuhisi ubaridi wala joto. Ninachojua ni kwamba katika chumba kile tulikuwa wawili tunalia, na sikuona upweke hata kidogo, na kwamba niliogopa kugeuza kichwa nikatazama kama yupo wa tatu.

Mwisho mke wangu aliketi, akafuta pua kwa pindo la khanga.

“Na Yeye,” aliuliza, “alijua jina lake?”

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu matatu, mazuri yote, yenye sura na aya. Yalinipanda mpaka kwenye meno, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayameza.

“Nataraji hivyo,” nilisema. “Sijui.”

Akanitazama mdomo, kama alivyonitazama makaburini. Kisha akainuka, akaanza kuzigeuza karafuu zile mojamoja ili zipate hewa.

“Nitamtumia mama salamu,” alisema, “kwamba siji.”